Mwaka Tuliompa Déo Jina la Treize

Picha waliyoiweka mezani siku ya matanga ya Déo haikuwa na Déo ndani yake. Ilikuwa picha ya timu yetu, iliyopigwa Chatsworth, Durban, mwaka mmoja kabla ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini: vijana wenye fulana za njano wamekumbatia kikombe kidogo cha bati, wengine wamechuchumaa mbele, wengine wamesimama nyuma na mikono mabegani. Mtu alikuwa ameipeleka ikakuzwa na kutiwa fremu, kisha akawasha mshumaa kando yake. Waombolezaji waliingia katika ukumbi ule wa kanisa, wakainama mbele ya picha, wakafanya ishara ya msalaba, na kwa kweli walikuwa wakiwaombea watu walio hai, ambao wengi wao walikuwa wamekaa nyuma yao kwenye viti vya plastiki na chupa za soda mikononi. Mama Bella, mjane wa Déo, aliniona nimesimama pale muda mrefu. "Unamutafuta, shemeji?" akaniuliza. "Hayuko. Nilimuuliza siku moja, mbona wewe hauko kwa picha? Akaendelea kula." Nikatazama tena. Mimi pia simo. Katika timu nzima tunakosekana sisi wawili tu, na sababu yetu ni moja.

Mwaka ule tulikaa South Beach, katika nyumba ya ghorofa iliyotazama upande wa nyuma, kwa hiyo bahari tuliisikia bila kuiona. Chumba kilikuwa kimoja, tumekigawa kwa mapazia, na sebule ilikuwa chumba kingine kilichogawanywa vilevile. Aliyetaka kujua jirani yake anawaza nini alitulia tu akasikiliza. Mimi nililinda magari katika maegesho ya Point, nikiwa na kizibao cha rangi ya kung'aa, na Kiingereza nilijifunza kwa magazeti ambayo wenye magari waliniachia baada ya kuyasoma. Sikuwa na shule ya kujivunia, ndiyo maana nilisoma kila kitu hadi mwisho, hata maelezo yaliyobandikwa nyuma ya makopo ya rangi. Wenzangu waliniita Prof, na katika jina hilo heshima ilikuwa kidogo kuliko kicheko. Déo alinyoa watu katika saluni moja mtaa wa pili. Alikuwa Mrundi, mkubwa wetu kwa umri, mrefu hata akiingia mlangoni aliinama kwa mazoea, na sote tulimwita Ya Déo, kama mtu anavyomwita kaka yake mkubwa. Yeye ndiye aliyepika. Alichemsha maharage kuanzia alasiri, akayatia mawese aliyonunua kwa mama mmoja wa Bukavu, akasonga bugali kwa mwiko aliouchonga mwenyewe kutoka kipande cha mbao ya kitanda.

Kulikuwa na jambo moja katika upishi wake lililoniudhi. Hakuuliza kamwe tuko wangapi. Mimi nilipenda kazi iwe na hesabu yake, kwa hiyo nilisimama mlangoni pa jiko na kumwambia, "Leo tuko saba, Ya Déo, Claude amekuja na ndugu yake." Alinipungia mwiko kama mtu anayefukuza nzi. Alipakua sahani moja, akanyoosha mkono, nani achukue achukue, kisha nyingine, mpaka sufuria ikaisha au watu wakaisha. Siku nyingine yeye mwenyewe alibaki na ukoko. Nilidhani ni uvivu wa akili. Niliwahi kumwambia hivyo, kwa maneno ya upole lakini kwa maana hiyohiyo, naye akajibu, "Prof, chakula hakihesabiwe watu. Chakula chenyewe kinaonaka wenye njaa."

Mpira ulikuja kwetu kupitia Glen, mwalimu kutoka Australia aliyekuwa akiegesha gari lake upande wangu. Mtu akitaka kuandika historia ya ligi yetu ataipata fupi: ilianza kwa gunia la mipira lililokuwa katika buti la gari la Glen, ikawa na timu nne, nayo ikafa miaka michache baadaye pale Glen aliporudi kwao na mipira ikapasuka mmoja baada ya mwingine bila mtu wa kutuuzia mingine. Lakini kwa muda ilikuwa hai. Ulikuwa mpira wa kwao, wenye umbo la yai, unaochezwa katika uwanja wa mviringo. Unaupiga kwa mguu au unaugonga kwa ngumi. Kuurusha kwa mkono ni kosa. Kila upande una nguzo nne bila mwamba juu yake. Ukipita kati ya zile mbili ndefu ni pointi sita, ukipita pembeni ni moja. Na mtu akiudaka hewani kabla haujagusa chini, wote wanasimama mbali naye, anapewa nafasi apige bila kuguswa. Sheria hiyo ndiyo iliyomfanya Déo awe mfalme. Aliruka taratibu, kana kwamba ana muda, mikono yake ya kinyozi ikafunguka juu ya vichwa vya wote, na mpira ukaingia humo ukanyamaza. "Hii ball iko kama papai," alisema Fiston siku ya kwanza, "na Ya Déo ndiye muti." Fiston, kijana wa Uvira, fundi wa simu na mwenye kelele kuliko sote, ndiye tuliyemfanya kapteni.

Lazima niseme kwa nini tulilichukulia kwa uzito jambo ambalo mji mzima uliliona mchezo wa wendawazimu. Mwaka uliotangulia watu wetu walikuwa wamefukuzwa majumbani, wamelala katika kumbi za makanisa na blanketi za msaada, na wale waliorudi kazini walirudi wakiwa wameinamisha macho. Tuliitwa wezi: wezi wa kazi, wa wanawake, wa vyumba. Glen alipoalika timu za Umlazi, Chatsworth na Clairwood, timu ya Umlazi, vijana wa Kizulu, ilikaa kikao kwanza kuamua kama itacheza nasi. Ikakubali. Kapteni wao, Sbu, dereva msaidizi wa malori, alikuja mwenyewe mpaka maegesho yangu kuniambia. Alinipa mkono akasema kwa Kiingereza, "Tutacheza. Lakini mcheze safi, neh?" Nikamwambia tutacheza safi. Jioni niliwafikishia wenzangu neno hilo, na hakuna aliyecheka. Tangu siku ile tulijua tunachotafuta katika ule uwanja. Kikombe kilikuwa cha pili. Tulitaka mtu mmoja wa Umlazi aseme, mbele ya wenzake, kwamba tumecheza safi.

Kazi yangu katika timu ilikuwa kusimama kwenye benchi na kusimamia kubadilishana kwa wachezaji, kwa sababu miguu yangu haikufaa kwa lolote. Uwanjani walitakiwa kumi na wawili. Wengine walipumzika kando, wakaingia na kutoka wakati wowote bila mpira kusimama. Glen alinipa kitabu cha sheria nami nikakisoma hadi jalada la nyuma. Humo nilikuta sheria iliyonifurahisha kuliko zote. Kapteni akishuku kwamba wapinzani wana mtu wa ziada uwanjani, anaweza kudai wahesabiwe. Mchezo unasimama, wote wanapangwa mstari katikati, wanahesabiwa. Akipatikana mtu wa ziada, pointi zote walizofunga tangu mwanzo zinafutwa, wanabaki na sifuri. Lakini hesabu ikiwa sahihi, aliyedai ndiye anayeadhibiwa: wenzao wanapewa pigo huru mbele karibu na nguzo. Niliona uzuri wake kama fundi anavyoona uzuri wa kitasa. Niliwasomea jikoni, nikitafsiri sentensi kwa sentensi, nao wakinisikiliza nusu, macho kwenye sufuria.

"Yaani wote tunapangwa?" aliuliza Fiston. "Kama kwa Home Affairs, kwa foleni ya karatasi?"

"Kama kwa Home Affairs, lakini hapa unatoka na jibu siku hiyohiyo," akasema Claude, na jiko zima likaangua kicheko.

Déo hakugeuka kutoka kwenye jiko. "Na nani anahesabu?" akauliza.

"Refa," nikasema.

"Refa mwenyewe?"

"Ndivyo kitabu kinavyosema, Ya Déo. Refa peke yake."

"Bon," akasema, akafunika sufuria. Nilifikiri amevutiwa na sheria ile, nikafurahi kwamba angalau mmoja alisikiliza.

Fainali ilichezwa Chatsworth, katika uwanja wa kriketi, kwa kuwa ndio uwanja pekee wa mviringo tulioruhusiwa kuutumia. Katikati palikuwa na kipande cha saruji cha kriketi tulichokifunika kwa zulia kuukuu. Wenyeji waliuza mkate uliotobolewa na kujazwa mchuzi wa maharage, ule wanaouita bunny, na harufu ya bizari ilizunguka uwanja wote. Refa alikuwa mzee wa pale, Uncle Salim, mmoja wa wale Wazanzibari wa Durban ambao babu zao waliletwa zamani na baadaye wakahamishiwa Chatsworth. Alitusalimu kila mara kwa neno moja la Kiswahili alilobakiwa nalo, "Jambo", na akalisema kwa fahari kubwa hata hatukuwa na moyo wa kumwongezea la pili. Tulicheza na Umlazi. Watu wao walikuja kwa taxi mbili, zile za mabasi madogo, wakaimba tangu waliposhuka; wetu walikuja na ngoma ya kanisa. Kwa muda mrefu wa mchezo sikuwa na la kufanya ila kutazama, na nilichokitazama kilikuwa kizuri. Déo alidaka, Sbu akamgonga begani kwa namna ya kumsifu, wakacheka wote wawili wakirudi nyuma. Niliona kwa macho yangu. Tulikuwa mbele kidogo, kisha nyuma kidogo, kisha sawa.

Karibu na mwisho Fiston alishikwa na msuli wa mguu akatoka. Nikamwingiza Claude badala yake. Fiston alilala chini, akanyooshwa mguu na watu wawili, akiguna; halafu mpira ukaja upande wetu, akaruka akasimama, akasema amepona, akaingia uwanjani. Nilimwita. Nilimwita kwa jina lake lote. Ngoma ilikuwa inapigwa na yeye alikuwa ameshafika mbali, kwa hiyo tulikuwa kumi na watatu, nami nilikuwa nikikimbia pembeni mwa mstari nikitafuta mtu wa kumtoa, yeyote aliye karibu, pale Sbu aliponyoosha mikono yote juu na kumkimbilia refa. Sikuhitaji kusikia alichosema. Uncle Salim alipuliza filimbi, akaelekeza zulia la katikati.

Walipangwa. Timu yetu ilisimama bega kwa bega, wakitweta, na hapo ndipo kitabu changu kilipokosea. Kwa kuwa mara nyingi huko nyuma watu walimtuhumu kupendelea, Uncle Salim alikuwa na desturi yake ambayo Glen hakuwahi kunitajia, pengine hakuijua: hakuhesabu mwenyewe kwanza. Alimchagua mtu mmoja wa timu inayoshukiwa, akamwambia awahesabu wenzake kwa sauti, huku makapteni wawili na refa wakisikiliza, ili baadaye mtu asiseme amedhulumiwa na mgeni. Déo alifika wa mwisho kwa sababu alikuwa nguzo za mbali. Mzee akamwona, mrefu, mkubwa, mtulivu. "Wewe, big man," akasema. "Nihesabie watu wako."

Déo alimtazama mzee, kisha akanitazama mimi kule kwenye mstari. Mtazamo ule nimeuona tena mara nyingi nikiwa nimelala. Halafu akajiweka sawa. Mabega yalinyooka, visigino vikakutana, mkono wa kulia ukainuka na kidole kimoja, na sauti iliyotoka haikuwa sauti ya Ya Déo wa jikoni. Ilikuwa kali, safi, ya mtu aliyezoea kusikika mpaka mwisho wa uwanja. Alianza kwa Kiingereza. Kufikia wa nne alikuwa amehamia Kifaransa bila kujua, akimgusa kila mmoja begani, hatua moja baada ya nyingine. "Cinq. Six. Sept." Watu wa Umlazi walianza kufuata kidole chake kwa macho. "Dix. Onze." Kumi na mmoja walikuwa wamehesabiwa; aliyebaki mbele yake alikuwa Fiston, na baada ya Fiston alibaki yeye mwenyewe. Mkono ulikaa hewani juu ya bega la Fiston. Haukushuka. Kisha akarudi nyuma, akageuka, akakimbia. Alikimbia kupita mbele ya benchi letu, kupita wauza mkate, akatoka getini, na kwa muda tukasikia njumu zake zikigonga lami.

Nilikimbia nyuma yake. Kwa hiyo sikuona yaliyofuata uwanjani; niliyasikia baadaye kwa watu wengi na yanafanana. Uncle Salim alihesabu mwenyewe mstari uliobaki, akapata kumi na wawili. Akauliza: na yule mrefu? Fiston akajibu papo hapo, bila kupepesa jicho, kwamba yule mrefu alikuwa ameshatoka, kwamba yeye Fiston ndiye aliyeingia badala yake, na mzee mwenyewe ndiye aliyemwita arudi kuhesabu. Mzee aliamini, au alichoka. Sbu aliadhibiwa kwa kudai hesabu bila sababu, tukapewa pigo huru karibu na nguzo, Claude akafunga.

Mimi nilimkuta Déo mtaa wa pili, amekaa ukingoni mwa barabara mbele ya duka la vitambaa, chini ya kivuli cha bati. Mwenye duka, mama mmoja wa Kihindi, alikuwa amemletea maji katika kikombe cha chuma na kurudi ndani bila kuuliza kitu. Nilikaa karibu naye. Nilikuwa na hasira. Nilijua tulikuwa kumi na watatu, nilidhani amekimbia ili kuficha, na nilikuwa nikitafuta maneno ya kumweleza mkubwa wangu kwamba ametuvunjia neno tulilompa Sbu. Yeye ndiye aliyeanza.

"Ulisema ni refa."

"Kitabu kilisema hivyo, Ya Déo."

"Ulisema refa peke yake." Alikunywa maji. "Unajua mimi nilikuwa nani kwa masomo? Kwa bweni? Nilikuwa chef wa bweni, kiranja. Kila jioni, mbele ya sala, ninapanga watoto, ninahesabu, ninaenda kwa padri ninasema: mon père, wote wako. Ao: anakosekana fulani. Miaka miwili. Sikukosea hata siku moja. Padri alikuwa ananisifu."

Kule uwanjani ngoma ilikuwa imenyamaza.

"Wakaja watu, na bunduki. Padri walishamutoa. Wakasema, nani chef hapa? Nikasema mimi. Wakasema, fanya kama kila siku. Nikapanga. Nikahesabu." Alikuwa akikitazama kile kikombe. "Wakauliza, wote wako? Na mimi, Prof, mdomo ulishazoea. Mdomo ukasema: wanakosekana wawili."

Gari likapita. Mama wa duka alitokea mlangoni, akatuona, akarudi ndani.

"Walikuwa wamejificha juu, kwa dari; wakapanda kuwashusha. Hakuna mutu angejua. Wale batu hawakujua kabisa namba yetu. Mimi ndiye nilijua."

Hapa ningependa kuandika kwamba nilimshika mkono, au nilinyamaza kama mtu mwenye adabu. Nilimuuliza: "Mlikuwa wangapi jumla?" Nilitaka kuijua namba. Akili yangu, ambayo nilijivunia, ambayo ilinitofautisha na wenzangu waliocheka jikoni, ilikwenda moja kwa moja kwenye namba kama nzi aendavyo kwenye kidonda. Na yeye alinijibu. Alinipa hesabu kamili, vitanda vya kulia na vitanda vya kushoto, kwa ile sauti safi ya uwanjani, mkao ukabadilika hata akiwa ameketi. Nikaona tena visigino vikikutana. Nilikuwa nimemfanya ahesabu mara ya pili siku moja. Sijasikia aibu kama ile kabla wala baada, na nimetukanwa na watu wa kila namna katika maegesho ya Point.

Kelele zikapasuka uwanjani, honi, ngoma, vigelegele. Déo aliinua kichwa. "Tumeshinda?" akauliza, akashangaa kweli. Kisha akanishika magoti. "Hii mambo, nikiwa mzima, usiseme kwa mutu. Nikikufa utaona mwenyewe. Wacha waseme nilikimbia. Nilikimbia, si uongo."

Tuliporudi picha ilikuwa imeshapigwa. Vijana wetu walimrukia Déo wakambeba. "Ya Déo, mujanja!" Fiston alikuwa akipiga kelele. "Aliona tuko treize, akajitoa mwenyewe! Mwanaume!" Treize, kumi na tatu, hapo ndipo jina lilipozaliwa, mabegani mwa watu, na yeye juu amelegea kama nguo. Watu wa Umlazi walikuwa wakipanda taxi zao. Mmoja alitema mate chini, akatuita kwa lile neno wanalowaitia wageni, na mwingine akaongeza, kwa Kizulu ambacho sote tulikielewa, kwamba mwizi ni mwizi hata ukimpa mpira. Sbu alinipita karibu kabisa. Nilikuwa nimempa mkono mtu huyu. Ningeweza kumsimamisha na kumwambia kwamba aliona sawa, na angeniuliza basi yule mrefu alikimbia nini, nami nilikuwa nimemwahidi Déo nisiseme. Alisubiri kidogo, nadhani alisubiri. Kisha akapanda.

Jina lilishika. Saluni walimwita Treize, kanisani Ya Treize, na mwaka haujaisha hata wateja waliokuja kunyolewa wasiojua lolote kuhusu mpira walimwita hivyo. Aliitika. Kila alipoitwa nilitazama chini, na kwa miaka yote niliyokaa naye, na hata alipooa akahamia kwake, sikulizoea. Msimu uliofuata Umlazi walileta timu lakini Sbu hakuwemo. Mimi nilimrudishia Glen kitabu cha sheria, nikamwambia nimeshakisoma. Jikoni niliacha kusimama mlangoni. Déo alipakua, watu wakala, na hakuna aliyesema tuko wangapi. Pengine ni mimi tu niliyekuwa nikisema siku zote.

Siku ya matanga, basi, Fiston alisimama kuzungumza. Ana kitambi sasa, na duka la simu lenye vijana wanaomwita patron. Alisimulia vizuri, kwa kweli. Ukumbi ambao ulikuwa ukilia ulianza kucheka. Aliigiza kile kidole hewani, akaigiza macho ya Uncle Salim, akaigiza mbio zenyewe katikati ya viti. "Mwenzenu alikuwa na akili ya haraka!" alisema. "Mimi nilifanya makosa, niliingia kama mbuzi. Yeye akaona, akapiga hesabu kwa kichwa, akajitoa! Bila Treize hakuna kikombe!" Mama Bella alikuwa akicheka huku machozi yakimtoka, na watoto wake wakimtazama wakicheka pia kwa sababu yeye anacheka. Upande wa mlango niliona mtu mnene mwenye koti la kampuni ya malori, mvi zimeanza. Sikumtambua kuwa ni Sbu mpaka alipotikisa kichwa na kusema taratibu, kwa wale walio karibu naye, "Eish. Nilijua walikuwa thirteen."

Mama Bella akanigeukia. "Wewe ulikuwa kwa benchi, shemeji. Prof haongeaka uongo. Ilikuwa hivyo?"

Déo alikuwa amekufa. Ahadi yangu ilikuwa imefika mwisho wake, na nilikuwa naona mwenyewe, kama alivyosema. Niliona watoto wake. Niliona kwamba ujanja, ule ambao kwangu ulikuwa fedheha ya mwaka mzima, kwao ulikuwa urithi, na nikajiuliza ukweli niliokuwa nao mimi ungewaachia nini. Haya ninayaandika kwa majina niliyoyabadilisha, na watoto wake hawasomi Kiswahili. Siku ile nilimtazama kwanza yule mtu wa mlangoni. "Tulikuwa kumi na watatu," nikamwambia kwa Kiingereza, kwa sauti ya kusikika. "Uliona sawa. Ulituambia tucheze safi na hatukucheza safi." Sbu aliinua kidevu, mara moja. Kisha nikamgeukia Mama Bella.

"Na Ya Déo?" akauliza.

"Ilikuwa hivyo," nikasema. "Aliona, akajitoa."

Walipiga makofi. Fiston alinikumbatia. Wakati wakiwa bado wanacheka, mama mmoja wa kanisa alitokea mlango wa jikoni na mwiko mkononi na kitambaa begani, akapaza sauti, "Humu ndani muko wangapi? Nijue namna ya kupakua." Na wote, kwa mazoea ya zamani, wakageuza vichwa kunitazama mimi.

"Pakua tu, mama," nikamwambia. "Watakula wote."